Senta akibebeshwa mzigo wa kufunga, ribaundi na ulinzi anabaki navyo nani?

Mzee wa Bloku
Wadau, naleta hoja. Kila senta, yule mrefu anayecheza karibu na kikapu, akifikisha pointi 20 watu wanashangilia, hakuna anayeuliza kule nyuma kumebaki nani. Mfano wangu ni Brook Lopez akiwa New Jersey Nets. Msimu wa 2009-10 alikuwa na wastani wa pointi 18.8 na ribaundi 8.6 kwa mechi, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka. Msimu uliofuata pointi zikapanda hadi 20.4, ribaundi zikaporomoka hadi 6.0. Mtu wa futi saba, dakika 35 uwanjani, ribaundi sita! Msimamo wangu: kufunga kunakula miguu, na bila miguu hakuna ribaundi. Anayepinga alete namba.

Nyavu Safi
Mkuu, umeruka mambo mawili makubwa. Kiangazi cha 2010 Lopez aliugua mononukleosisi, ugonjwa unaoacha uchovu kwa muda mrefu. Halafu msimu huohuo Kris Humphries alipewa dakika nyingi pembeni yake, akawa anaondoka na ribaundi 10.4 kwa mechi. Mpira ukishadakwa na mwenzako umeshakwisha, huwezi tena kuupata wewe. Kuchukua wastani wa ribaundi kwa mechi ukauita bidii ni uvivu wa kusoma takwimu. Tazama asilimia: kati ya mipira iliyokosa kikapu akiwa uwanjani, alichukua mingapi, na timu nzima ilichukua mingapi.

Mzee wa Bloku
Uvivu? Nimekuletea misimu miwili, timu moja, mchezaji yuleyule, halafu unaniita mvivu. Mtu aliyemwangalia Lopez wa miaka ile anajua alikuwa akitupa mpira anabaki amesimama anautazama. Hilo halihitaji asilimia.

Robo ya Nne
Kabla hamjafikishana pabaya, tuangalie miguu inasimama wapi, maana hapo ndipo penye jibu.

Ribaundi ya kushambulia na ya kulinda ni kazi mbili tofauti. Senta anayepokea mpira ameupa kikapu mgongo, akageuka na kutupa huku akirudi nyuma, anatua bega likiwa limepinda na mlinzi wake yuko kati yake na kikapu. Mpira ukikosa, nafasi yake ni ndogo. Ila yule anayemaliza kwa kuingia ndani, akatua kwa miguu miwili karibu na ubao, anaweza kuruka mara ya pili kabla mlinzi hajageuka. Moses Malone alijenga maisha yake ya mpira kwa mruko huo wa pili. Msimu wa 1978-79 alichukua ribaundi za kushambulia 587. Msimu wa 1981-82 alifunga wastani wa pointi 31.1 na bado akaongoza ligi kwa ribaundi, 14.7. Kama kufunga kungekuwa kunakula ribaundi moja kwa moja, huyo asingekuwepo.

Za kulinda zinategemea kocha anataka ulinzi gani. Skrini, yaani mshambuliaji kusimama kumzibia njia mlinzi, ikiwekwa juu na senta wako akabaki chini kulinda rangi, lile eneo la chini ya kikapu, kila mpira unaogonga chuma uko mikononi mwake. Ukimwambia apande mpaka mstari wa pointi tatu kumkabili mwenye mpira, na ule mstari wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, uko mita 6.75, hata awe na bidii ya namna gani mpira utadondoka yeye akiwa njiani kurudi. Watu wataona ribaundi 6 kwenye karatasi na kusema kijana ameanza kujipenda.

Sehemu ambayo kufunga kunamgharimu kweli ni kurudi nyuma. Senta aliyetupa akiwa mita moja kutoka kwenye kikapu ndiye wa mwisho kuanza kukimbia, na yule aliyekuwa anamkaba ameshamtangulia hatua tatu. Akikosa mara kumi kwa mechi, hizo ni mbio kumi za kumkimbiza mtu aliyeshaondoka.

Mzee wa Bloku
Hapo kwenye kurudi nyuma umenipa haki yangu. Asante.

Nyavu Safi
Amekupa aya moja kati ya nne.

Tuchukue David Robinson. 1992-93 alikuwa na pointi 23.4 na ribaundi 11.7. 1993-94 pointi zikaruka hadi 29.8, ndiyo msimu aliofunga 71 mechi ya mwisho dhidi ya Clippers, na ribaundi zikashuka hadi 10.7. Kwa hesabu ya Mzee, alichoka. Lakini ni nani aliyefika San Antonio msimu huo? Dennis Rodman, ribaundi 17.3 kwa mechi. Robinson angezitoa wapi?

Na Wilt Chamberlain ndiye kipimo kizuri kuliko wote. 1965-66 alifunga 33.5 na ribaundi 24.6. Msimu uliofuata kocha Alex Hannum akamtaka apunguze kutupa na agawe mipira. Pointi zikashuka hadi 24.1, asisti (pasi zinazozaa kikapu) zikapanda hadi 7.8, Philadelphia 76ers wakashinda 68 na kupoteza 13, wakachukua ubingwa. Ribaundi? 24.2. Pointi tisa zimeondoka, ribaundi hazikuongezeka hata moja. Ule mzigo ulioondolewa ulitakiwa urudi upande wa ribaundi, haukurudi. Naomba mtu anijibu hili.

Kikapu Kwetu
Wilt wa zama zile tumwache, timu zilikuwa zinatupa zaidi ya mara 100 kwa mechi na nyingi zinakosa. Ribaundi zilikuwa zinamwagika.

Mimi naona jambo ni rahisi: asiyejua kufunga ndiye anayelinda, kwa sababu hana kingine cha kumweka uwanjani. Ben Wallace hakuwahi kufikisha wastani wa pointi 10 msimu wowote, akachukua tuzo ya mlinzi bora mara nne. Dikembe Mutombo wa Kongo vilevile, mkono wa kufunga hakuwa nao. Na sisi Waafrika tumeendelea kuzalisha aina hiyohiyo, mpaka Hasheem Thabeet wetu wa Tanzania. Angefundishwa kufunga angedumu NBA.

Kisenso
Bandugu, hapana. Mutombo hakuwa na mkono wa kufunga? Msimu wake wa kwanza Denver, 1991-92, alifunga wastani wa 16.6 na ribaundi 12.3. Alikuwa anafunga kwa ndoano ya mkono wa kulia na kwa mipira ya pili. Miaka mitatu baadaye, 1994-95, pointi zake zimeshuka hadi 11.5, ribaundi 12.5, bloku, yaani mitupo aliyoizuia, zimepanda kufika 3.9, na hapo ndipo alipopata tuzo yake ya kwanza ya mlinzi bora. Alichukua nyingine tatu.

Fainali ya 2001 dhidi ya Shaquille O'Neal alifunga wastani wa 16.8 na ribaundi 12.2 huku amebeba kilo zote zile za Shaq mgongoni. Mtu wa Kinshasa aliyezuia mipira 31 katika mechi tano dhidi ya Seattle mwaka 1994, timu iliyoshika nafasi ya nane ikaing'oa iliyoshika ya kwanza, hatuwezi kumwita mtu aliyelinda kwa kukosa kazi. Alichagua. Tuheshimu marehemu.

Kikapu Kwetu
Sijamvunjia mtu heshima. Lakini hiyo fainali, Shaq alifunga 33.0 na ribaundi 15.8. Tusisahau upande huo.

Kisenso
Na wewe usisahau kwamba umetoa hoja ya kunisaidia. Shaq amefunga 33 na ribaundi karibu 16. Kufunga kumemla wapi?

Upande Dhaifu
Mimi nimeumia na la Thabeet. Kila mjadala wa senta lazima jina lake litajwe kama kosa. Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2009, nyuma ya Blake Griffin, kwa kazi aliyoifanya chuo cha Connecticut: msimu wa mwisho pointi 13.6, ribaundi 10.8, bloku 4.2. Mlinzi bora wa Big East, ligi ya vyuo, mara mbili. Memphis walimchukua wakiwa tayari na Marc Gasol. Alipata dakika 13 kwa mechi msimu wa kwanza, na ndani ya hizo alizuia mipira 1.3. Pigeni hesabu kwa dakika 36, ni bloku zaidi ya tatu na nusu. Tatizo halikuwa kufunga!

Kikapu Kwetu
Kama halikuwa kufunga, lilikuwa nini? Walimpeleka ligi ya maendeleo msimu wa kwanza. Na James Harden alikuwa anafuata nyuma yake, watatu.

Upande Dhaifu
Harden ameingiaje kwenye mjadala wa ribaundi?

Tatizo lilikuwa kiuno na faulo. Chuo kilimwacha asimame chini ya kikapu. NBA tangu 2001 mlinzi hawezi kukaa kwenye rangi zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu kwa karibu, kwa hiyo senta mrefu analazimika kutoka, kurudi, kutoka, kurudi. Mwenye kitovu cha uzito juu anachelewa nusu hatua kila safari, na nusu hatua ile ndiyo faulo. Ukishakuwa na mbili robo ya kwanza, umekaa benchi. Kufunga pointi 15 kusingemtibu hilo.

Nyavu Safi
Bado sijajibiwa la Wilt.

Mzee wa Bloku
Ngoja, la faulo ndilo nililotaka kulisema tangu mwanzo. Senta anayetegemewa kufunga anaambiwa na kocha "usiniingie kwenye faulo". Akishasikia hivyo anaacha kuruka. Mtu anaingia ndani, yeye ananyoosha mikono na kumwacha apite. Hiyo ndiyo bei ya kufunga. Wilt mwenyewe hakuwahi kutolewa kwa faulo maisha yake yote ya NBA.

Robo ya Nne
Mzee, umeanza na miguu, sasa uko kwenye faulo. Ni hoja nyingine kabisa, na ni bora kuliko ya kwanza. Ila ina dawa. Kuruka wima, mikono juu ya kichwa, kifua kinapokea mgongano, hiyo haihesabiwi faulo ukiwa ndani ya nafasi yako. Roy Hibbert aliwahi kuisimamisha Indiana nzima kwa hilo. Kinacholeta faulo ni mkono kushuka na mwili kwenda mbele. Dwight Howard msimu wa 2010-11 alifunga 22.9, wastani wake wa juu kabisa, ribaundi 14.1, na akachukua tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya tatu mfululizo. Mzigo wa kufunga alikuwa nao, ulinzi haukuondoka.

Mama Ribaundi
Nimesoma kimya, sasa hili la kuhesabu ribaundi za senta peke yake limenichosha. Mnamshitaki Lopez kwa ribaundi, basi mfuateni mpaka Milwaukee. Misimu yake minane ya kwanza alikuwa amefunga pointi tatu mara 3 tu. Msimu wa 2016-17 akafunga 134. Tangu hapo anashambulia akiwa nje ya mstari, ribaundi za kushambulia zimekauka. 2018-19 alikuwa na ribaundi 4.9 tu, na timu yake ilikuwa miongoni mwa bora kabisa kwa kulinda na kwa ribaundi. Kazi yake ilikuwa kumfungia njia mtu mzito zaidi ili mwenzake Giannis Antetokounmpo aukwapue mpira na kuondoka nao mbio. Steven Adams alifanya vilevile Oklahoma City mwaka ule Russell Westbrook alipopata ribaundi 10.7.

Kumfungia mtu njia ni hivi. Mpira ukitoka mkononi mwa mtupaji, usiutazame, mtafute mtu wako kwanza. Mguse kwa mkono uliokunjwa kifuani pake ujue yuko wapi. Zungusha mguu wa mbele, makalio yakae kwenye mapaja yake, magoti yameinama, viwiko nje usawa wa mabega. Hapo ndipo unainua macho. Wengi wanakosea kwa kuzungukia chini kabisa ya ubao. Ukiwa chini ya nyavu mpira unaruka juu yako. Msukume atoke mita mbili hivi. Na mpira uliotupwa kutoka kona mara nyingi unadondokea upande wa pili, kwa hiyo wa kufungiwa njia kwanza ni aliye upande ule.

Hakuna hatua hapo inayohitaji mtu asiwe mfungaji.

Mzee wa Bloku
Inahitaji pumzi, dada. Kumsukuma mtu wa kilo 120 mara arobaini, halafu uende upande wa pili upokee mpira mwingine mgongoni una mtu wa kilo 120. Joel Embiid 2018-19 alikuwa na 27.5 na ribaundi 13.6. Mwaka aliochukua MVP, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, 2022-23, ni 33.1 na ribaundi 10.2. Jibu hilo.

Mama Ribaundi
Kaka yangu, umesahau kwamba katikati hapo Embiid alihama sehemu ya kutupia. Badala ya kusukumana chini, alianza kutupa kutoka karibu na mstari wa adhabu. Mtu anayetupa akiwa mita nne na nusu hawezi kuokota mpira chini ya chuma. Tunarudi palepale pa Robo ya Nne: alisimama wapi.

Upande Dhaifu
Naomba niulize linalotuhusu. Vijana warefu wa Dar na Mwanza wanacheza sheria za FIBA. Hakuna sekunde tatu za mlinzi, mechi ni dakika 40, faulo tano. Mpira ukishagusa chuma mlinzi anaruhusiwa kuupiga atoe nje. Kijana wa futi saba afundishwe nini kwanza?

Kikapu Kwetu
Kufunga. Mara elfu.

Kisenso
Kurudi nyuma mbio, mechi nzima.

Mama Ribaundi
Kiuno na kutua kwa miguu miwili. Akitua kwa miguu miwili anapata ribaundi ya kushambulia, na ile ni kikapu cha bure bila kuchorewa mpango wowote na kocha. Na faulo zikiwa tano, kocha ampumzishe dakika mbili mwishoni mwa robo ya kwanza kabla hajachoka, maana faulo za kizembe huja mtu akishaanza kuvuta kaptula.

Nyavu Safi
Ribaundi 24.6, halafu 24.2. Nasubiri.

Mzee wa Bloku
Wilt alicheza karibu dakika zote za mechi miaka yote miwili, kama ningecheza dakika zote na mimi namba zisingebadilika. Leta senta wa dakika 34.

Nyavu Safi
Kwa hiyo sasa ni dakika, si kufunga?