Shafti kuu ya helikopta inakaza nikimaliza kufunga bolti za fremu: nimekosea wapi?

MjengaRota
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijaendelea. Ninaunganisha mitambo ya helikopta ya rimoti yenye mapanga ya milimita 700, ambayo baadaye nitaiingiza ndani ya bodi inayofanana na ya helikopta halisi. Mbavu za fremu ni za kaboni, na shafti kuu ya milimita 12 inapita kwenye beringi tatu. Bolti zikiwa zimelegea, shafti inashuka kwa uzito wake yenyewe. Nikishazikaza zote, inakwama katikati na ni lazima niisukume kwa kidole gumba. Rafiki yangu anasema italainika yenyewe baada ya kuruka mara chache, lakini moyo wangu umekataa. Je, niipige msasa, nibadilishe beringi, au kuna jambo sijaliona? Kitovu cha rota pia nimeshakifunga, hivyo mwenye la kusema kuhusu sehemu hiyo asisite.

FundiGia
Ndugu, moyo wako umekuambia kweli. Tafadhali usiiguse shafti kwa msasa, kwa sababu utaifanya icheze ndani ya beringi na hutaweza kuirudisha ilivyokuwa. Ninavyoona, ulikaza upande mmoja hadi mwisho kabla ya kugusa wa pili, fremu ikajipinda kidogo, na sasa beringi tatu haziko tena kwenye mstari mmoja. Legeza bolti zote, simamisha fremu juu ya kioo kinene kilichonyooka, pitisha shafti kwenye beringi zote, ndipo ukaze kidogo kidogo kwa kukingama, yaani ya juu kushoto kisha ya chini kulia, huku ukiizungusha shafti kwa vidole kila baada ya bolti mbili. Itakapoanza kuwa nzito, utakuwa umeipata bolti inayovuta fremu.

Ukifika kwenye mota, pitisha ukanda wa karatasi ya kawaida kati ya meno ya pinioni (gia ndogo iliyo kwenye mota) na ya gia kuu, sogeza mota ibane, kaza, kisha zungusha gia uitoe karatasi. Itoke imekunjamana bila kuchanika. Rudia kwa mzunguko mzima, kwa kuwa gia nyingi zina mahali palipoinuka kidogo.

Gololi
Mimi nina wasiwasi zaidi na kitovu ulichokwisha kukifunga. Ndani ya kila kishikio cha panga kuna beringi ya kuhimili mvuto, yenye ringi mbili na kizimba cha gololi katikati. Ringi hizo hufanana kwa macho, lakini tundu la moja ni kubwa kidogo: hiyo hukaa upande wa kitovuni, na yenye tundu dogo hukaa nje, upande wa kichwa cha bolti. Zijaribu kwenye ekseli, yaani kile kifimbo kinachopita kitovuni na kubeba vishikio. Ndogo itabana, kubwa itacheza. Panga la gramu 180, uzito wake ukikusanyika sentimita 45 kutoka kwenye shafti, kwa mizunguko 1,500 kwa dakika huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 200, na mvuto huo wote unapita kwenye beringi hiyo. Usisahau grisi.

Spana8
Niongeze kuhusu gundi ya kufungia skrubu. Safisha bolti kwa spiriti, tia tone moja dogo la gundi ya nguvu ya wastani, na uitumie chuma kinapokutana na chuma tu, kwa kuwa baadhi ya plastiki hupasuka ikiguswa nayo. Ikiingia ndani ya beringi, beringi hiyo haifai tena.

MjengaRota
Nawashukuru sana. Nimefanya kama FundiGia alivyoelekeza, na bolti ya chini kulia ndiyo iliyokuwa ikivuta: ukingo wa kaboni ulikuwa na kinundu kidogo ambacho nimekilainisha kwa tupa. Sasa shafti inashuka yenyewe bolti zote zikiwa zimekazwa. Halafu nimefungua kishikio cha kwanza, na ringi yenye tundu kubwa nimeikuta nje. Ninafungua cha pili sasa hivi.