Ami yangu kifundo kimeunga upande: Mnazi Mmoja, MOI au wapi?

MtotoWaKengeja:
Assalaam alaykum jamani. Ami yangu, miaka 52, alianguka juu ya mkarafuu msimu uliopita akavunjika kifundo cha mguu wa kulia. Akafungwa mabanzi na mganga wa viungo hapahapa kijijini. Mfupa umeunga, lakini upande. Kiatu kinalika nje, na kutoka nyumbani hadi msikitini hafiki bila ya kupumzika.

Hospitali ya Abdalla Mzee, pale Mkoani, Pemba, wamempiga eksirei, wakasema anahitaji bingwa wa upasuaji wa mifupa, ikiwezekana aliyezoea nyayo na vifundo. Sasa kila mtu ana lake. Mkewe anataka hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, kwa kuwa ana nduguze mjini. Mwanawe yuko Dar, kwake ni MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, tu basi. Jirani anasema tuchange aende India. Ami ana kisukari pia, anatumia vidonge. Bingwa anachaguliwa vipi hasa?

Bakari_Chasasa:
Waalaykum salaam. Mngempeleka hospitali siku ileile musingefika huku.

BiMkubwaWete:
Bakari, hayo yameshapita, mgonjwa ndiye huyo. Mwanangu, msianze na jengo. Mama yangu aliwekwa sahani ya chuma na skrubu kifundoni. Kabla ya kukubali nilimuuliza daktari: vifundo kama hiki umefanya vingapi mwaka huu, na kisu utashika wewe mwenyewe au mwanafunzi wako? Akanijibu bila ya kununa. Daktari anayekasirika kuulizwa, mwambie ahsante utafute mwengine.

TabibuMstaafu:
Nimekaa wodi ya mifupa miaka mingi, niongeze kidogo. Kifundo hakisamehe. Kuna mfupa unaitwa talasi, umekaa ndani ya mifupa ya muundi kama mtoto wa droo. Utafiti wa mwaka 1976 ulionesha kwamba talasi ikisogea nje milimita 1 tu, eneo la mifupa kugusana linapungua kwa asilimia 42. Mzigo wote unabaki pahala padogo, gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, inasagika. Ndiyo maana bingwa wa mifupa anayeshinda na nyonga na mapaja, hata awe hodari, si lazima awe ndiye mtu wenu.

Mtazameni anavyompima. Akiangalia picha aliyopigwa ami amelala akakupangieni siku ya upasuaji palepale, mie ningesita. Mguu uliounga vibaya hupigwa picha mgonjwa amesimama, uzito uko juu yake, na miguu yote miwili ili ilinganishwe. Mara nyingi ataomba na CT, eksirei ya kompyuta. Amtembeze, atazame kisigino kwa nyuma, apapase mapigo ya damu mguuni, ajaribu kama nyayo ina hisia. Kwa mwenye kisukari hayo mawili ya mwisho ni makubwa kuliko picha yenyewe.

Halafu akwambieni njia zaidi ya moja. Gegedu ikiwa bado nzima, mfupa unaweza kukatwa upya ukanyooshwa. Ikiwa imekwisha, huenda akashauri kiungo kifungwe moja kwa moja: maumivu yapungue, lakini kifundo hakitokunja tena. Na muulizeni tusipopasua itakuwaje. Wapo wanaokwenda miaka kwa kiatu kilichotengenezwa na kishikio cha kifundo.

Sukari pia. Aulizie kipimo cha wastani wa miezi mitatu, si cha asubuhi moja. Ikiwa juu, kidonda hakifungi na mfupa hauungi. Akivuta sigara aache sasa.

MtotoWaKengeja:
Ahsanta sana Tabibu. Anavuta, tena sana. Na wale madaktari wa Kichina pale Abdalla Mzee je? Ni karibu na nyumbani.

TabibuMstaafu:
Timu za Kichina zinakuja Zanzibar tangu miaka ya sitini, na wamo wapasuaji wazuri. Lakini zinabadilishana. Muulize aliyepo sasa kama kifundo ni kazi yake, na akiondoka faili la ami litabaki kwa nani. India nayo swali ni hilohilo: skrubu ikilegea mwezi wa nne, utamrudia nani?

Fundi_Darajani:
MOI wanapokea mifupa ya nchi nzima, kwa hiyo kesi ngumu wameziona. Foleni lakini ipo. Nendeni na barua ya rufaa pamoja na picha zenyewe, si karatasi ya majibu peke yake. Gharama ulizeni kwa ujumla wake: vyuma, kitanda, magongo, mazoezi ya viungo na nauli za kurudi kliniki. Hapo ndipo watu wanapokwamia.

BiMkubwaWete:
Na nyumba ya kufikia ihesabuni kabla. Mama yangu aliambiwa asikanyage wiki 6. Nyumba yenye ngazi na choo cha kuchutama haimfai, hata ikiwa ya ndugu. Mkewe ana haki kuwaza nduguze.

MtotoWaKengeja:
Basi tumekubaliana aanze Mnazi Mmoja akaonwe na kupigwa picha za kusimama, na mwanawe aulizie MOI nani hasa anafanya vifundo. Hatutii saini popote mpaka tusikie wawili. Swali moja: akishapasuliwa, boti ya kurudi Mkoani ataiweza?

TabibuMstaafu:
Daktari wake ndiye wa kumruhusu, asiondoke bila ya kumuuliza hilo na kama atahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda. Ndani ya boti mguu uwe juu ya kiti, si chini. Na ndizi zenu za kupeleka mjini abebe mtu mwengine.

Bakari_Chasasa:
Safari ikiwa tayari niambie, nna gari, nitakuchukueni mpaka bandarini.