Uso wa gitaa umefunguka: daftari la karakana liandike nini?

Muulizaji, Mafinga: Wakuu, tunaunda magitaa kwa mkono na tunataka kila gitaa liwe na kumbukumbu zake. Zaidi ya picha, tuandike nini? La mwisho, uso wa paini wa milimita 3, tuliunga mbao zake mbili Machi. Agosti kiungo kikaachia.

Jibu, Uyole: Jibu limo kwenye hizo tarehe, mkuu. Machi mvua bado zipo, ubao umevimba. Ukibandika fito za ndani (vijiti vya kuimarisha uso) wakati huo, kiangazi uso unasinyaa, fito zinazokatiza nyuzi za ubao (mistari ya mti) zinauzuia, kiungo kinalipa. Bandika unyevu wa hewa ukiwa asilimia 40 hadi 50. Andika tarehe, unyevu na uzito wa uso; upime uzito kila baada ya siku mbili, uzito ukiacha kupungua ndipo utie gundi.

Jibu, Iringa mjini: Tazama pia kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Pete za ukuaji wa mti zikilala, husinyaa karibu mara mbili ya zikisimama wima. Na freti (vyuma vya kukatiza shingo): andika urefu wa uzi unaopigwa, toka nati (kizuizi cha nyuzi juu ya shingo) hadi daraja. Ukiwa milimita 650, gawa kwa 17.817, ya kwanza inakaa 36.48, kila inayofuata gawa tena urefu uliobaki, ya 12 lazima iangukie 325. Zote zipimwe kutoka nati. Ukiruka freti hadi freti, kosa dogo linajumlika na noti za gitaa hazitoki sawa.

Muulizaji: Pete zimelala kweli! Ufa nijaze gundi?

Uyole: Gundi tupu itaachia tena. Chonga kibanzi cha paini hiyohiyo, nyuzi zifuate uso, bandika, kikikauka piga randa.