Mrejesho: kanvasi yangu ilolegea

Jamani nimerudi, ni mie nlouliza kuhusu kanvasi ya kuchorea ilolegea katikati kama kitanda cha kamba, niivue niipige stepo upya ama vipi. Mlonambia habari ya kabari, vile vijiti vya kutanua pembe za fremu ili kitambaa kikaze, asanteni sana, kumbe kile kimfuko cha vijiti nlichokuwa nataka kutupa ndo zenyewe! Nane, mbili kila pembe, nikazichomeka kwa zile nafasi za fremu huku nyuma nikagongagonga polepole, kidogo huku kidogo kule, na kadibodi katikati nyundo isije ikagusa kitambaa. Sasa imekaza kama ngoma wallahi. Kanvasi yangu ya pili imegoma, fremu yake fundi aliipiga misumari kwa pembe haipanuki, hiyo ntaivua tu. Na kwa unyevu huu wa Mombasa najua italegea tena, ndo maana kabari sijazizamisha hadi mwisho, nibaki na nafasi ya kuzigonga tena.