Nimeuziwa aioni tano iliyoandikwa saba, na duka linasema hazirudi

Wadau wa gofu, hasa nyinyi wa Kisumu, Kakamega, Kericho, Nakuru na Eldoret, someni huu uzi kabla hamjapanda gari kwenda Nairobi kununua fimbo. Mimi nimeshaliwa. Shilingi 178,000, akiba yangu ya sacco ya miaka mitatu, zimeingia kwenye seti ya aioni mpya, zile fimbo za kichwa cha chuma zenye namba (namba ikiwa ndogo, mpira unaenda mbali zaidi), ambayo kila Jumamosi inaniudhi upya. Duka silitaji, na watengenezaji pia nawaacha, maana kila ninayezungumza naye ananiambia kwao pia ni vivyo hivyo.

Fimbo zangu za zamani nilizinunua mwaka 2006 kwa meneja mmoja wa chai aliyekuwa akihama Kericho. Zimechakaa, mifereji ya usoni imelika mpaka ukipitisha ukucha haukwami. Lakini nilizijua. Saba mita 128, halafu weji, yaani fimbo za kupigia karibu: ya kupichi mita 100, ya mchanga, sandi, mita 75. Kedi wangu, anayenibebea fimbo, hata alikuwa haniulizi. Nikifika kwenye mpira, fimbo imeshatoka mfukoni. Handikepi yangu, yaani mapigo ya nyongeza ninayopewa, ni 18, nina miaka 57, sijawahi kudai kwamba mimi ni mchezaji wa kutisha. Nilitaka tu fimbo zenye uso mzima.

Huku kwetu hakuna duka la kukupima na kukujaribisha fimbo, kwa hiyo nilipanda basi la usiku hadi Nairobi. Nikapokelewa vizuri, chai nikapewa, nikaingizwa kwenye chumba chenye wavu, mkeka wa plastiki na skrini. Kijana akaniletea aioni saba. Moja tu. Nikapiga mipira kama 20. Skrini ikaandika 147, 149, 146. Kijana akapiga makofi. "Mzee wangu, umeongeza mita 20 hivi hivi!" Nami nikaingia. Nikaona mwili umerudi ujana. Nilipouliza kama naweza kujaribu tano na weji, akaniambia seti ni moja, ukiijua saba umezijua zote.

Hayo ndiyo maneno ninayotaka myakumbuke. Ukiijua saba umezijua zote. Ni uongo.

Raundi ya kwanza hapa Kisumu, saba ilienda 139. Hilo mwanzoni sikulilalamikia, kwa sababu hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko yetu. Nairobi iko juu ya Kisumu kwa zaidi ya mita 500, na mpira unaruka mbali zaidi penye hewa nyepesi. Anayepimwa Nairobi akacheze kando ya ziwa lazima apoteze mita kadhaa, na skrini inaweza kuwekewa mwinuko wa mahali unapochezea. Kijana aliniuliza natoka wapi, nikamwambia, akaandika kwenye fomu. Lakini kwenye skrini hakugusa kitu. Na mkeka nao, ukichota chini kabla ya mpira, fimbo inateleza na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Jaribu hivyo kwenye udongo mweusi wa huku baada ya mvua uone fimbo inavyozama.

Kilichonichoma kweli kilitokea Jumamosi ya mashindano ya mwezi. Uwanja wetu ni wa mashimo tisa, tunauzunguka mara mbili, na nilikuwa shimo la mwisho la raundi ya pili nikiwa na pointi nzuri. Nimebakiza mita 95. Mbele banka, lile shimo la mchanga, bendera iko nyuma tu ya banka, na ule upepo wa alasiri wa ziwa umeshaanza. Kwa fimbo za zamani hiyo ni weji ya kupichi, swingi ya utulivu, unaweka mpira chini unaenda zako. Sasa weji mpya inaenda mita 114. Sandi inaishia 75. Kedi alizishika zote mbili, moja kila mkono, akaangalia bendera, akaangalia mikono yake, akanyamaza. Katika miaka yote aliyonibebea sijamwona akikosa la kusema.

Nikachukua weji mpya, nikashika chini ya gripu, nikapiga nusu. Mpira ukaenda chini chini, ukagonga grini kavu, ile nyasi fupi yenye bendera, ukapita bendera, ukatoka nyuma, ukaingia kwenye nyasi ya kikuyu. Ile nyasi mnaijua inavyomeza mpira na kuikamata shingo ya fimbo. Nilitoka pale na mapigo manane.

Tulipokuwa tunaelekea kwenye maegesho, kedi akachomoa saba yangu mpya, akanisindikiza mpaka kwenye gari ambako zile za zamani zilikuwa bado, akachomoa na tano ya zamani. Akaziegemeza kwenye bampa pamoja. Urefu karibu ule ule. Uso umesimama karibu sawasawa. "Mwalimu," akasema, "hii si saba. Hii ni tano imevalishwa shati ya saba."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Jumatatu baada ya vipindi nilizipeleka maabara, nikazibana moja moja kwenye stendi, shafti imenyooka kwa timazi, nikapima kwa kipimapembe kikubwa cha ubaoni. Kwa wasiojua, lofti ni mlalo wa uso wa fimbo. Uso ukilala sana mpira unapanda juu na kwenda karibu, uso ukisimama unakwenda chini na mbali. Saba ya zamani digrii 34. Saba mpya digrii 28. Tano ya zamani digrii 27! Nikapima weji. Ya zamani 48, mpya 43. Sandi yangu ni 56. Maana yake kati ya weji mpya na sandi kuna pengo la digrii 13, na kwa kawaida kati ya fimbo na fimbo ni nne au tano. Hilo pengo ndilo lililokula mita zangu 95.

Halafu juu. Aioni nne ya seti hii nimeipima nikapata digrii 19, na tano digrii 22. Kwa kasi yangu ya swingi mpira haupandi. Unatoka kama jiwe la manati, unaanguka, unabingirika. Kanuni za gofu zinaruhusu fimbo 14 kwenye mfuko, basi. Sasa nimejaza huko juu fimbo mbili nisizoweza kuzinyanyua, huko chini ambako mtu wa handikepi yangu ndiko anakookolea pointi, nina shimo.

Najua sababu ya watengenezaji, na sitawaonea. Vichwa vya siku hizi uzito umeshushwa chini na kusogezwa nyuma, kwa hiyo mpira unapanda wenyewe hata lofti ikiwa ndogo. Wasipoisimamisha lofti, mchezaji mwenye nguvu atapiga mpira juu kama mnazi. Na hizi fimbo zina uzuri wake. Ukigonga kwa ncha, mahali ambapo ile ya zamani ilikuwa inakutetemesha mpaka kwenye meno, hii inapeleka mpira karibu palepale ulipolenga. Mwezi uliopita nilienda Nakuru, tukacheza Nakuru Golf Club na rafiki yangu, kijana wa miaka 30 na kidogo, nikampa saba yangu apige. Juu kule, karibu mita 1,850, na mikono yake ile, mpira ulipaa kuelekea Menengai nikadhani haurudi. Alizipenda. Kwake zinafaa. Yeye ana kasi ya kuupandisha mpira ukashuka wima na kukaa. Wangu hauzunguki vya kutosha na haushuki wima, unatua kwenye grini ya kiangazi unakimbia.

Kwa hiyo sisemi fimbo ni mbovu. Nasema nilidanganywa kwa namba. Zile mita 20 hazikutoka kwenye teknolojia peke yake wala kwenye mwili wangu. Nyingi zimetoka kwenye digrii sita ambazo hakuna aliyeniambia. Wangenipa ile tano yangu ya Kericho nipige kwenye mkeka ule, skrini ingeandika karibu hizo hizo, na yule kijana angepiga makofi vilevile.

Nilipiga simu dukani. Jibu la kwanza, fimbo zimeshatumika, hazirudi. Jibu la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Yule kijana, kwa sauti ile ile tamu, akaniambia shida yangu inajulikana, wateja wengi huja nayo, na dawa yake ipo. Kuna weji ya digrii 48 ya seti hiyo hiyo inayouzwa peke yake, shilingi 19,500.

Inajulikana! Wateja wengi huja nayo! Basi kama inajulikana, mbona siku ile nilipokuwa na pesa mkononi haikutajwa? Na digrii 48 ni weji niliyokuwa nayo tangu 2006. Wamenitolea weji yangu kwenye seti, wakabandika herufi yake kwenye aioni tisa, sasa wananiuzia tena weji yangu mwenyewe. Na nikiinunua, lazima nitoe fimbo nyingine mfukoni nisivuke 14. Nitatoa ile nne, ambayo pia nimeilipia.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kunufaika kikamilifu na anachonunua. Digrii za fimbo ni habari hizo. Jedwali lipo kwenye tovuti ya watengenezaji, nimelikuta baadaye, na vipimo vyangu vya maabara vinalingana nalo. Kwenye sanduku halipo. Kwenye kadi ya bei halipo. Kwenye mdomo wa muuzaji halikuwepo. Mtu anayesafiri usiku kucha kutoka Kisumu hawezi kurudi kesho yake kuuliza swali alilosahau, na wao wanalijua hilo.

Mkienda, bebeni fimbo zenu za zamani. Zipigeni kwenye skrini ile ile, siku ile ile. Ulizeni digrii za kila fimbo kabla ya kuuliza bei, na mkatae kununua seti kwa kujaribu fimbo moja. Weji ndiyo mjaribu kwanza.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Aliyesema nipeleke kwa fundi zikunjwe ziongezwe lofti, nimeuliza. Vichwa hivi ni vya kumimina kwenye kalibu na ndani ni vitupu, havikunjiki kama vile vya kufuliwa, fundi amekataa kuvigusa asije akavivunja. Aliyeniambia nijifunze kupiga nusu swingi, nitajifunza, lakini sikulipa 178,000 ili nijifunze kupiga nusu ya fimbo. Na ndugu wa Eldoret uliyesema zako zina digrii hizo hizo na unazifurahia, umesema pia uliambiwa dukani kabla hujalipa. Ndicho ninachodai.

Mwenye weji ya digrii 48 iliyotumika, Kisumu au Kakamega, aniandikie bei. Kwa wale sirudi hata wakinipa bure.