Kijana wa steshenari kaniambia Kiswahili changu KIMEEKSPAYA!!!

Mzee_Kurasa:
Wakuu, naandika mkono unatetemeka, na si uzee. Mnamjua. Msijifanye hamumjui. Yule kijana wa steshenari, mlango wa bluu, mkabala na muuza chipsi, anayechapa kwa kidole kimoja huku mkono wa pili umeshika simu. Tanga nzima inamjua, na kama humjui basi hujawahi kuzungushwa.

Nimempelekea maneno ya kadi ya harusi ya mjukuu wangu. Nimeyaandika mwenyewe, mwandiko uliofundishwa kwa fimbo, herufi zimesimama kama askari wa gwaride: "Karibuni kwenye karamu." Nimesubiri masaa mawili. Zimetoka kadi 200, na zote 200 zinasema: "Karibuni kwenye KALAMU."

Kalamu! Watu waje wanywe wino? Kadi arobaini zilishaondoka kabla sijavaa miwani. Shemeji yangu wa Pangani kashapiga simu, anauliza kila mgeni aje na biki ngapi.

Nikarudi pale kwa upole kabisa (mke wangu anasema nilisikika mpaka Chumbageni, mpuuzeni). Nikamwambia, mwanangu, karamu ni shughuli, ukoo mmoja na ukarimu. Kalamu ni ya kuandikia, Waarabu wanaiita qalam. Akatafuna bigijii yake, akameza mate, akasema: "Nilikurekebishia tu, babu. Kiswahili chako kimeekspaya."

Kimeekspaya. Kama maziwa ya pakiti!

Nikakimbia nyumbani. Nimekimbia, mimi na goti hili. Nikaleta Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile ya 1981, nimeikumbatia kama kichanga maana jalada linashikiliwa na gundi na dua. Nikamfungulia kwenye K. Hakutazama K. Alitazama mwaka. "1981? Si nimekwambia?"

Mtu anayesema "hichi kitabu" na "habali za asubuhi" ananiambia MIMI kimeekspaya. Katika mkoa uliomzaa Shaaban Robert! Nimesoma tangu enzi za kibatari, macho yamekwisha vitabu vingali vipo, halafu kimeekspaya. Sina la kuongeza. Kimeekspaya!

Kandambili:
Pole sana mzee wangu. Ila hayo "masaa mawili" hapo juu, hayo nayo yaliekspaya lini?

Mzee_Kurasa:
Hasira ndiyo iliyoandika, si mimi.

binti_makorora:
Shikamoo babu. Kadi nimeipata. Naja na kalamu ya risasi, ya wino imeisha.

Fundi_Redio:
Chai hii. Kadi 200 na hajasoma hata moja kabla ya kulipa? Wazee wa vitabu mnasoma kila kitu isipokuwa risiti.

Mzee_Kurasa:
Marahaba binti. Wewe Fundi, hujaijibu hoja. KIMEEKSPAYA, mbele ya wateja wanne!

Wa_Kongowea:
Nyinyi mna bahati, mnagombania r na l. Huku Mombasa mjukuu kaniletea ujumbe wa Sheng kutoka Nairobi, nikaupeleka kwa jirani anifasirie, jirani naye akampigia mwanawe. Na sisi ndio wa kwanza kuambiwa kimeekspaya. Mwaka 1928 mlipochagua Kiunguja kiwe ndicho sanifu, Kimvita chetu cha Mombasa, cha malenga Muyaka bin Haji, mkakiweka uvunguni.

Kandambili:
Kikao hicho cha 1928 kilikaa Mombasa, mkuu. Kwenu hapo hapo.

Wa_Kongowea:
Kilikaa kwetu, waliokaa ni wakoloni. Mgeni akivunja sahani nyumbani kwako, umevunja wewe?

Fundi_Redio:
Mimi kero yangu ni "kishikwambi", eti ndiyo tablet. Nimeingia dukani kama msomi, nikaomba kishikwambi. Muuzaji akaniuliza, cha maji au cha vidonge?

binti_makorora:
😂😂 Afadhali wewe. Mimi kuna mtu ananiandikia "xaxa mambo vp" na anataka kunioa. Nimemjibu xtaki.

mama_rafu:
Mnapoteza muda na matamshi. Msiba mkubwa ni anayeazima kitabu harudishi. Kuna mtu nilimpa Kusadikika 2011. Kila nikimuuliza, yupo sura ya tatu. Kitabu chenyewe chembamba kama chapati ya mchana wa mwezi wa mwisho! Na humu yumo, anasoma sasa hivi.

Kandambili:
Nipo sura ya nne mama, usinikatishe.

mama_rafu:
Kumbe ni wewe! Na ule mwavuli je?

Fundi_Redio:
Huyo huyo ana bisibisi yangu. Tuanzishe uzi wake.

Wa_Kongowea:
Mimi nimeshapoteza vitabu kumi na kitu kwa mashemeji. Sasa nikiazimwa, naandika jina langu ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho. Wananirudishia kava.

Mzee_Kurasa:
Jamani, na kimeekspaya?

mama_rafu:
Subiri mzee, tunamalizana na Kandambili kwanza.

binti_makorora:
Babu, pilau ya ng'ombe au ya mbuzi? Kama ya mbuzi nakuja na kompasi kabisa.