Siku moja kando ya kijito cha Cheonggyecheon, Seoul: nianzie wapi?

Mkazi wa Nyakato
Habari zenu wanajukwaa. Mwezi Julai nitakuwa Seoul, Korea Kusini, kwa mafunzo ya kikazi, na nina siku moja tu isiyo na darasa. Ningependa kuitumia kwenye kijito cha Cheonggyecheon, ambacho kilianza kufunikwa kwa zege mwaka 1958, kikajengewa barabara ya juu, kisha kikafunguliwa upya mwaka 2005. Kila nivukapo Mto Mirongo pale Mabatini, hapa kwetu Mwanza, na kuona chupa na mifuko ikielekea ziwani, hujiuliza wenzetu waliwezaje. Nianzie wapi, na niende saa ngapi?

Mama Kirumba
Ndugu yangu, anzia Cheonggye Plaza, katikati ya jiji, kisha fuata maji kuelekea mashariki. Njia iko chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo utateremka ngazi, na kelele za magari zitabaki juu. Hakuna kiingilio. Sehemu iliyofunguliwa ina urefu wa karibu kilomita 5.8, na wageni wengi hupiga picha kwenye kuta za mwanzoni wakageuza, ilhali matete na mierebi huongezeka kadiri unavyoshuka; mimi ningeona bora kufupisha huko juu kuliko kukosa huku chini. Usizipite nguzo tatu za ile barabara ya juu, zilizoachwa makusudi. Julai ni msimu wa mvua kubwa, hivyo ukisikia tangazo la kufunga njia, panda juu mara moja.

Fundi Mifereji
Mama Kirumba amesema kweli, nami nieleze sababu. Majitaka ya mitaa ya jirani hupita kwenye mabomba makubwa yaliyolazwa kando ya kijito, na mvua inapozidi uwezo wa mabomba hayo, milango iliyomo ukutani hufunguka na maji huingia njiani ghafla. Itazame milango hiyo, maana ndiyo tunayopaswa kuiga. Maji safi unayoyaona huvutwa zaidi kwa pampu kutoka Mto Han, na pampu zikizimwa kijito hubaki karibu kikavu kwa muda mrefu wa mwaka. Mirongo hauhitaji pampu. Unahitaji taka za vilimani, ambako gari la taka halifiki kwenye nyumba zilizo katikati ya mawe, zizuiwe kabla hazijafika mtoni.

Machinga Mstaafu
Waulize wenyeji pia kuhusu wachuuzi waliokuwa wakiuza kando ya barabara ile. Wengi walihamishiwa Uwanja wa Dongdaemun, kisha uwanja wenyewe ukabomolewa. Sisi tuliowahi kuhamishwa na meza zetu tungependa kujua hilo kabla ya kusifia matete.

Mkazi wa Nyakato
Nawashukuru sana. Nitakwenda asubuhi na mapema kabla ya joto, nishuke hadi kwenye nguzo, na nitapiga picha za milango ya ukutani kwa ajili ya Fundi. Suala la wachuuzi nitamuuliza mkufunzi wetu, ambaye ni mzaliwa wa Seoul.